Saa inahesabu kilomita, lakini haimtoi mtu kitandani

Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa Coco Beach wa Daraja la Tanzanite, jijini Dar es Salaam. Watu wameshaanza kupita, wengine wawili wawili, wengine peke yao. Pembeni amesimama jamaa mmoja mwenye raba mpya na bukta safi, mkono wa kushoto kaunyoosha juu kama anayesimamisha daladala. Hasimamishi gari. Anasubiri saa yake ipate setilaiti. Mpaka saa itoe mlio, jamaa haondoki, hata kama upepo wa bahari ni mzuri na jua linakaribia kuchomoza.

Saa moja baadaye jamaa huyo huyo yuko getini kwake. Saa inasoma kilomita 9.7. Anaitazama, analitazama geti, halafu anaanza kuyazunguka magari ya majirani mpaka namba isome 10. Mlinzi ameshazoea, hamuulizi tena kama kuna kitu kimepotea.

Kila mwenye mazoea ya kukimbia anamjua mtu wa namna hii, na wengi wakijitazama vizuri watakuta ni wao wenyewe. Si dhambi. Mtu kanunua saa kwa hela yake, kaamka mwenyewe, hajamsumbua mtu. Lakini lipo swali ambalo halijibiwi kwenye picha za matokeo zinazorushwa kila Jumapili kwenye makundi ya WhatsApp. Vifaa hivi vinamsaidia mkimbiaji wa kawaida aendelee kukimbia mwakani, na mwaka mwingine baada ya hapo? Huyu si mkimbiaji wa kutafuta medali ya Olimpiki. Ni mwalimu, karani wa benki, mama wa duka la vipodozi, dereva aliyeambiwa na daktari kuwa presha inapanda.

Jibu la haki ni hili: kifaa kinasaidia kuanza. Kuendelea ni habari nyingine, na hapo ndipo wengi wanapoachwa njiani.

Umri wa vifaa hivi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya Polar ya Finland ilileta kipima mapigo ya moyo kisicho na waya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kilikuwa cha wanamichezo wa ushindani na makocha wao. Hadi Mei 2000 Serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Kizuizi hicho kilipoondolewa, kifaa kidogo cha mkononi kikaweza kupima umbali kwa uhakika. Garmin ikatoa saa zake za kwanza za wakimbiaji mwaka 2003, mwaka ule ule Kilimanjaro Marathon ilipoanza mjini Moshi.

Maana yake ni kwamba Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hapakuwa na saa ya kumwambia mapigo yake yako kanda ya ngapi. Juma Ikangaa aliposhinda New York City Marathon mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, hakuna setilaiti iliyompigia mlio kila kilomita. Hii si sababu ya kuitupa saa baharini. Wale walikuwa na makocha, kambi na wenzao wa mazoezi. Mkimbiaji wa mtaani hana kocha, na saa imeingia kuziba pengo hilo. Tatizo linaanza pale pengo lote linapokabidhiwa saa.

Ushahidi wa kisayansi upo pande zote mbili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Digital Health ulionyesha kuwa watu wanaovaa vifaa vya kuhesabu hatua hutembea kama hatua 1,800 zaidi kwa siku, na kwa wastani hupungua kama kilo moja. Hilo si jambo dogo. Kwa mtu aliyekuwa anatoka kwenye kiti cha ofisi kwenda kwenye kiti cha gari, hatua 1,800 ni mwanzo mzuri.

Lakini mwaka huo 2016 zilitoka tafiti mbili ambazo wauza saa hawazitaji sana. Ya kwanza ni ya Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Aligundua kuwa watu wanaopimwa kile wanachokifanya hukifanya zaidi, ila hukifurahia kidogo, kwa sababu kilichokuwa burudani kinaanza kufanana na kazi. Na furaha ikipungua, hamu ya kuendelea nayo inapungua. Ya pili ni ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh, iliyowafuatilia vijana 471 waliotaka kupunguza uzito kwa miaka miwili. Waliopewa vifaa vya kuvaa walipungua kilo 3.5 kwa wastani. Wenzao waliofuata utaratibu uleule wa lishe na mazoezi, ila bila vifaa hivyo, walipungua kilo 5.9.

Ukiziweka pamoja, picha inaeleweka. Kifaa kinamsukuma mtu atoke, kisha polepole kinaweza kumnyang'anya sababu ya kutoka. Mtu aliyeanza kukimbia kwa sababu alipenda hewa ya asubuhi anajikuta anakimbia ili mshale uende juu. Siku mshale ukigoma, naye anagoma.

Na hizo namba zenyewe zimetoka wapi? Hatua 10,000 kwa siku, ambazo watu wanazihesabu kama amri, hazikuanzia maabara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua na kukiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikuwa nzuri kwa biashara na rahisi kukumbuka, ikazunguka dunia nzima.

Ile hesabu ya 220 toa umri, inayotumika kupata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, ilichomoza mwaka 1971 kutokana na kukusanya takwimu za tafiti mbalimbali, na inaweza kumkosea mtu mmoja mmoja kwa mapigo 10 au zaidi. Mtu wa miaka 40 anaambiwa mwisho wake ni 180, kumbe wake halisi ni 192, au ni 169. Saa ikishajengwa juu ya namba hiyo, kanda zote za mazoezi zinapinda. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu anatembea huku saa inamlaumu kuwa anakimbia mno.

Kwa mkimbiaji wa pwani kuna kero ya ziada. Saa nyingi hukadiria uwezo wa mtu kwa kulinganisha kasi yake na mapigo ya moyo. Sasa chukua asubuhi ya Februari pale Mbagala au Mwananyamala, joto limetulia, hewa nzito, shati limeloa kabla ya kilomita ya pili. Moyo una kazi mbili, kupeleka damu kwenye misuli na kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Mapigo yanapanda wakati kasi haijaongezeka hata kidogo. Baadhi ya saa zinajaribu kuliweka joto kwenye hesabu, nyingine hazina habari nalo kabisa. Matokeo yake, mtu kapiga tizi la maana, anafika nyumbani anaambiwa mazoezi yake hayana tija na uwezo wake umeshuka. Mgeni kwenye mchezo akisoma hivyo mara tatu mfululizo, wiki ya nne hatoki.

Hapo hujataja taa ya kijani nyuma ya saa, inayosoma damu inavyopita chini ya ngozi. Mkanda ukilegea au mkono ukitikisika sana, namba zinaruka hovyo. Mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo ndio wenye uhakika zaidi. Wala hujataja maghorofa ya Posta, ambako mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kumwonyesha mtu kwamba amekimbia ndani ya jengo la benki. Ni vitu vya kuchekesha, mpaka pale mtu anapokosa raha kwa sababu yake.

Kilichosahaulika ni kwamba Watanzania walikuwa na kipimo cha mwendo kabla saa hizi hazijazaliwa. Kinaitwa mchakamchaka. Kila aliyesoma shule ya msingi ya serikali anakumbuka vumbi lile la asubuhi, kiongozi mbele, wengine nyuma, wimbo unapokezanwa. Vikundi vya joging vya Temeke, Ilala na Zanzibar vimeuchukua utamaduni ule ule na kuutia fulana za rangi moja.

Wataalamu wa mazoezi wana kipimo chepesi: mtu anayeweza kuongea lakini hana pumzi ya kuimba wimbo mzima, huyo yuko kwenye mwendo wa wastani. Akishindwa kutoa zaidi ya maneno machache bila kutafuta hewa, ameingia kwenye mwendo mkali. Sasa tazama wimbo wa mchakamchaka unavyofanya kazi. Kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia maneno mawili matatu, linavuta pumzi, linaitikia tena. Mwendo ukizidi, sauti za nyuma zinakatika na kiongozi anasikia. Mwenye akili anapunguza. Hicho ni kipima pumzi cha watu 40 kwa mpigo, hakina betri, hakijali joto wala rangi ya ngozi, na kinampima kila mtu kwa pumzi yake siku ile ile.

Ubora wa kikundi, hata hivyo, hauko kwenye wimbo tu. Uko kwenye swali moja dogo: "Jana mbona hukuonekana?" Saa inaweza kutuma ujumbe kwamba leo hujafikisha lengo, na mtu akaufuta kwa kidole bila kufumbua jicho la pili. Lakini bodaboda wa mtaa wa pili akigonga dirisha saa kumi na moja alfajiri na kusema, "Kaka, tuko nje tunakusubiri," hapo kidole hakifanyi kazi. Mtu anaamka, ananuna, anafunga kamba, anatoka. Kufikia kilomita ya tatu ameshasahau kuwa alinuna.

Vikundi hivi vina mambo mengine ambayo hayamo kwenye takwimu. Mwenzao akiuguliwa wanakwenda hospitali, akifiwa wanachanga, akioa wanapanda gari pamoja. Mtu wa aina hii haachi kukimbia kirahisi, maana akiacha anakuwa ameacha ndugu.

Hii haina maana kwamba vikundi ni malaika. Vipo vinavyokimbia katikati ya barabara bila hata kiakisi mwanga, vikiwaachia madereva kazi ya kuwakwepa. Vipo ambavyo wenye kasi wanakata upepo na kuwaacha wageni nyuma peke yao, kisha wanashangaa kwa nini wageni hawarudi. Na vipo ambavyo michango ya fulana na safari za matamasha imekuwa mizito mpaka mwenye kipato kidogo anaona aibu kujitokeza. Kiongozi anayetaka watu wabaki aanze na hayo. Kikundi kisipomsubiri wa mwisho, hakina tofauti na saa inayomwambia kwamba ameshuka.

Kwa habari ya wa mwisho, lipo jina ambalo kila mkimbiaji wa nchi hii anapaswa kulikumbuka anapoona namba zake mbaya. Oktoba 20, 1968, jijini Mexico City, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia katika marathoni ya Olimpiki. Alifika uwanjani akiwa amefungwa bendeji mguuni, watu wengi wameshaondoka, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Angekuwa na saa ya leo, ingemwandikia kuwa siku ile haikuwa na tija.

Dunia bado inamkumbuka. Na kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Muda wake, akiwa ameumia, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ulikuwa saa 3:25:27. Wapo wakimbiaji wa Jumapili wenye saa za zaidi ya shilingi milioni moja mkononi ambao wakipata muda huo wakiwa wazima wa afya wataufanyia sherehe.

Upande wa pili wa sarafu yupo Alphonce Simbu. Septemba 2025 jijini Tokyo aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wakimbiaji wa kiwango hicho wanatumia vifaa na takwimu nyingi katika maandalizi. Lakini hakuna saa inayoweza kumwambia mtu aliyekimbia kilomita 42 wapi pa kuzitoa sehemu tatu za mia zilizobaki. Hizo zinatoka kwingine.

Turudi kwa mkimbiaji wa kawaida, ambaye adui yake si Mjerumani bali ni mwezi Machi. Kalenda ya mbio hapa nchini inajulikana. Kuanzia Novemba watu wanajiandaa na Moshi, barabara zinajaa. Kilimanjaro Marathon ikipita mwishoni mwa Februari, medali inapigwa picha, masika yanaanza, na nusu ya watu hawaonekani mpaka mbio nyingine itangazwe. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapa ndipo zile programu za simu zinazohesabu siku mfululizo zinapoonyesha udhaifu wao. Mtu kakimbia siku 60 bila kukosa, siku ya 61 ana homa. Akili inamwambia alale, lakini hesabu inamwambia atarudi sifuri. Wapo wanaotoka hivyo hivyo na homa yao, na kukimbia na homa kunaweza kuuletea moyo madhara makubwa. Wapo wanaolala, wakaona sifuri, wakakata tamaa moja kwa moja. Halafu ikija Ramadhani, mfungaji anabadilisha ratiba, anatembea kidogo kabla ya futari au anakimbia taratibu baada ya tarawehe, na kifaa kinamhesabu kama mvivu. Hakijui swaumu, hakijui msiba, hakijui zamu ya usiku hospitalini. Watu wanajua.

Kwa hiyo mwenye saa afanye nini? Asiitupe. Aitumie kwa yale inayoyaweza. Anayeanza mara nyingi hukimbia kasi mno, basi saa imshike breki kwenye kilomita mbili za kwanza. Anayejiandaa na Moshi akumbuke kwamba njia inapanda kuelekea Mweka, na kwamba kasi ya tambarare ya Dar haifai kulazimishwa kwenye mlima. Pale asikilize pumzi, saa aitazame akianza kushuka. Anayekimbia peke yake, hasa mwanamke, atumie huduma ya kumwonyesha ndugu yake mahali alipo, lakini aizuie programu isiwaonyeshe watu asiowajua geti la nyumbani kwake na saa anayotoka kila siku.

Kisha ajiwekee siku moja katika wiki ya kukimbia bila saa kabisa. Iachwe mezani. Siku hiyo akimbie na mtu, aongee, asimame kununua machungwa akitaka. Kama siku hiyo inamchosha kuliko zote, basi ajiulize kama bado anapenda kukimbia au anapenda namba. Na programu ikimruhusu, ahesabu wiki badala ya siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kwa wiki. Aliyekosa Jumanne hajapotea, Alhamisi na Jumamosi bado zipo.

Asiye na saa naye asijione mkimbiaji wa daraja la pili. Raba nzuri za mtumba pale Karume zina maana kubwa kwa magoti yake kuliko kioo chochote cha mkononi. Njia ya kutoka nyumbani mpaka kituo cha daladala na kurudi ni kipimo tosha, kama anaijua na anaipita kila wiki. Na kama hana hakika na afya yake, hasa aliyevuka miaka 40 au mwenye presha au kisukari, apite kwanza kwa daktari, maana hilo ni pimo ambalo saa haijafikia kulifanya.

Yule jamaa wa daraja la Tanzanite, siku moja betri itamwishia akiwa na kilomita nne mguuni na sita mbele. Kama anakimbia peke yake, huenda akaita bajaji. Kama yupo na wenzake, hatakuwa na pa kukimbilia. Atamaliza, na pale getini mlinzi atashangaa leo magari hayazungukwi.